Mboji ya Mabwepande ianzie gengeni

Mhariri,

Nauza mboga na ndizi kwenye soko moja kando ya Barabara ya Bagamoyo, mwaka wa 14 sasa. Kila jioni genge langu peke yake linatoa viroba viwili: maganda, kabichi zilizonyauka, nyanya zilizopasuka.

Dar es Salaam na Hamburg ya Ujerumani ni miji dada tangu 2010. Tunda la udugu huo liko Mabwepande: kiwanda cha mboji cha Manispaa ya Kinondoni, kilichojengwa kwa msaada wa Ujerumani ili kipokee taka za masokoni na kuzigeuza mbolea. Taka hizohizo zikirundikwa dampo la Pugu Kinyamwezi huoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo, kilo kwa kilo, hupasha dunia joto kuliko hata kaboni dioksidi ya moshi wa daladala.

Nashukuru. Ila Wajerumani hawatakuja kutuchambulia maganda! Sokoni kwetu hakuna hata pipa la pili. Juzi nilimtengea kijana wa taka kiroba cha maganda matupu. Alicheka, akakimwaga juu ya chupa na mifuko.

Manispaa, tuleteeni mapipa mawili na ratiba ya gari. Mboji nitainunua mwenyewe, nina matuta ya mchicha Bunju.

Mama Genge,
Dar es Salaam