Wazee wakichagua meli ya kitalii

Mhariri,

Julai na Agosti, shule za Ulaya zikifunga, meli kubwa za kitalii hujaa watoto. Wastaafu wanaosafiri wawili tu na kutaka utulivu wangoje mwisho wa Septemba, au wachague meli zisizopokea watoto kabisa: kampuni ya Viking haichukui abiria wa chini ya miaka 18, nayo P&O Cruises imetenga meli zake Arcadia na Aurora kwa watu wazima.

Chumba ndicho wengi hukosea. Cha katikati ya meli, sitaha za chini, huyumba kidogo kuliko cha mbele au cha juu. Kwenye ramani ya sitaha tazameni kilicho juu yenu: kikiwa bwawa la kuogelea, viti vitaburutwa alfajiri. Mwenye magoti mabovu aombe bafu lisilo na kizingiti, na aulize ni bandari zipi meli hutia nanga nje. Huko abiria hushushwa kwa boti ndogo, na bahari ikichafuka hakuna kushuka.

Viza huponza wengi. Meli ikitoka Barcelona, ikapita Uturuki kisha ikarudi Italia, mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia zaidi ya mara moja, maana Uturuki haimo. Wakala wa bei rahisi hasemi hilo.

Bima itaje matibabu melini na kusafirishwa kwa ndege mgonjwa akizidiwa. Presha na kisukari visifichwe kwenye fomu, la sivyo dai hukataliwa. Dawa zikae mkobani, maana masanduku hukabidhiwa bandarini na huweza kufika chumbani jioni.

Mawakala wa safari,
Mombasa