Baruti haichaguliwi kwa ukali wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe jambo moja katika makala mliyoitoa hivi karibuni kuhusu watu wa Afrika Mashariki waishio Marekani ambao huwinda kulungu na kujijazia risasi wenyewe nyumbani. Makala ilieleza vizuri habari za gharama, leseni na mafunzo ya usalama, na nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili likiandika mambo ambayo kwa kawaida tunayasoma kwa Kiingereza tu. Lakini ilipofika kwenye baruti, iliwashauri wasomaji wanunue ile iliyo kali zaidi, eti ndiyo inayomwangusha mnyama papo hapo. Ushauri huo ni wa hatari, na anayeufuata anaweza kupoteza jicho.

Mimi ni mzaliwa wa Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo sikuwahi kushika bunduki hadi nilipohamia Minnesota. Jirani yangu, mzee mmoja mkulima, ndiye aliyenifundisha kuwinda, na baada ya misimu miwili akanikalisha mezani kwake akanionyesha namna ganda tupu linavyorudishwa kuwa risasi kamili: kulisafisha, kulirudishia umbo lake, kulitia fataki mpya (kidude cha kitakoni kinachoiwasha baruti), kulipimia baruti na kulikazia kichwa, yaani kile kipande kinachoruka. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili nikifanya kazi hiyo. Sheria ya huku inamruhusu mtu kujijazia risasi za matumizi yake mwenyewe. Msomaji aliye nyumbani asiichukue barua hii kuwa ruhusa, kwani kwetu silaha na risasi zina sheria nyingine kabisa.

Nadhani neno lenyewe, baruti, ndilo linalotuponza. Wazee wetu waliotumia magobore walikuwa na baruti moja tu, ile nyeusi ya shura, makaa na kiberiti, na waliimimina mtutuni kwa kukadiria. Ikizidi kidogo, mara nyingi aliyepiga alipata teke zito begani na wingu la moshi usoni, basi. Baruti ya bunduki za leo ni kitu kingine. Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884 kutokana na pamba iliyotiwa asidi, na ilipotokea ikabadilisha kila bunduki duniani, kwa sababu haitoi moshi mzito na shinikizo lake ni kubwa mno. Risasi ya .30-06, aina ya kuwindia ninayoijaza mimi, imewekewa kikomo cha ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba, nalo shinikizo hilo linatokea ndani ya chuma kilicho karibu kabisa na shavu la mpigaji. Hapo hakuna kukadiria. Kipimo chake ni greni, na greni 7,000 ndizo zinazofanya ratili moja. Mtu anayepima kwa kijiko hajui anachofanya.

Sasa, baruti hizi zisizo na moshi hazipishani sana kwa nishati iliyomo ndani yake. Linalozitenganisha ni mwendo wa kuungua. Mpishi yeyote anajua kwamba vijiti vikavu na gogo vyenye uzito mmoja vina moto unaokaribiana, lakini vijiti hulipuka vyote kwa mara moja, na gogo huenda taratibu hadi maharage yakaiva. Watengenezaji huupanga mwendo huo kwa ukubwa wa chembe, kwa umbo lake (nyingine ni vijiti vifupi kama risasi ya penseli iliyokatwakatwa, nyingine ni vidonge vya mviringo, nyingine ni bapa kama pumba), na kwa dawa inayopakwa juu ya chembe ili moto usizivamie zote kwa ghafla. Baruti ya bastola huungua upesi kwa sababu mtutu wa bastola ni mfupi na kichwa cha risasi ni chepesi. Mtu akiijaza baruti hiyo katika ganda kubwa la bunduki ya kuwindia kwa kipimo cha baruti ya bunduki, shinikizo hufika kileleni kabla kichwa hakijapata nafasi ya kusogea, na kinachopasuka ni bunduki. Kwa lugha ya makala yenu, hiyo ndiyo baruti kali zaidi dukani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi ni ganda lina nafasi kiasi gani, na kichwa kina uzito gani. Kadiri ganda lilivyo kubwa na kichwa kilivyo kizito, ndivyo baruti inavyotakiwa kuwa ya mwendo wa taratibu, ili ikisukume kichwa kwa muda mrefu zaidi ndani ya mtutu. Ikipita kiasi kwa utaratibu, nayo haifai: kasi hupungua na chembe zisizoungua hubaki mtutuni. Kwa .30-06 yenye kichwa cha greni 165 au 180, baruti za kundi la 4350 (namba hiyo ni jina tu, si kipimo) zimekubalika kwa miongo mingi, nami natumia mojawapo. Sitaji kipimo hapa kwa makusudi. Kipimo hutoka katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa. Mtu huanza na kile cha chini kilichoandikwa humo na kupanda kidogo kidogo, wala si kwa maneno ya gazeti au ya rafiki.

Naongeza kwamba namba peke yake haitoshi, na hili nimejifunza kwa kosa langu. Baada ya vita vikuu vya pili, Mmarekani Bruce Hodgdon alinunua baruti ya ziada iliyokuwa imetengenezwa kwa mizinga midogo ya milimita 20, akawauzia wawindaji, nayo ikajulikana kwa jina la H4831. Baadaye kampuni ya DuPont ikatoa ya kwake, IMR 4831. Namba ni ile ile, lakini hii ya pili huungua upesi zaidi. Katika mwaka wangu wa tatu nilitaka ile ya kwanza, nikapewa ya pili, na muuzaji akaniambia kwamba hazina tofauti. Nilijaza risasi ishirini kwa kufuata ukurasa wa H4831. Katika risasi ya tatu bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ilikataa kufunguka, nikaipiga kwa kiganja mara mbili ndipo ikalegea. Ganda lilipotoka, fataki ilikuwa imelala bapa hadi ukingo wake ukapotea, na kwenye kitako cha ganda palikuwa na alama ya mviringo inayong'aa, mahali ambapo shaba ilikuwa imesukumwa kuingia katika tundu la kifaa cha kutolea maganda. Shaba haifanyi hivyo bila kulazimishwa na shinikizo lililopita kiasi. Nilirudi nyumbani nikazing'oa vichwa zile kumi na saba zilizobaki, moja moja, na baruti yake nikaimwaga bustanini. Tangu siku hiyo mezani kwangu hukaa kopo moja tu la baruti, na nikimaliza kazi baruti iliyobaki hurudi humo humo ilimotoka, kamwe si katika kopo jingine.

Jambo la pili ambalo makala haikuligusa ni joto, na katika hili bara letu lina historia ya kutosha. Waingereza walipoanza kutumia kordaiti, baruti ya nyuzi nyuzi yenye nitrogliserini nyingi, waligundua kwamba joto la India na Afrika linapandisha shinikizo lake kuliko walivyopima kwao. Ndiyo sababu risasi za kuwindia tembo na nyati za wakati ule, kama .416 Rigby ya mwaka 1911, zilipewa maganda makubwa kupita kiasi, ili shinikizo libaki chini hata bunduki ikishinda juani. Ganda likipanuka na kung'ang'ania ndani ya bunduki huku nyati yuko hatua ishirini, mwindaji hana nafasi ya pili.

Mwaka 1956 Wamarekani walitoa .458 Winchester Magnum katika ganda fupi zaidi, wakishindilia baruti ya vidonge ili wapate kasi ya risasi kubwa za zamani. Baadhi ya risasi hizo zilipokaa sana, baruti iliyoshindiliwa iligandamana ikawa bonge, ikawa haiungui yote, na kichwa kikatoka kwa kasi ndogo. Mwindaji Jack Lott alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959 akiwa na bunduki ya namna hiyo, na mwaka 1971 akatoa risasi ya .458 Lott, yenye ganda refu zaidi, ili baruti ipate nafasi bila kushindiliwa namna ile. Katika mkasa huo wa .458 hakuna aliyelalamika kwamba baruti ilikosa ukali.

Huku Minnesota tatizo limegeuka upande wa pili, kuwa la baridi. Mimi hujaribu risasi zangu mwezi Agosti, nyuzi zikiwa 32 za Selsiasi, na huwinda Novemba katika theluji, nyuzi zikiwa 15 chini ya sifuri. Kwa baruti niliyoanza nayo, kifaa changu cha kupima kasi kilionyesha upungufu wa zaidi ya futi 100 kwa sekunde kati ya miezi hiyo miwili, na risasi zikaangukia chini ya pale nilipolenga. Siku hizi kuna baruti zilizotengenezwa zisiyumbe kwa joto wala baridi, kama H4350, inayotengenezwa Australia, na tangu nilipoihamia upungufu huo umekuwa mdogo kiasi cha kutonisumbua. Kama ningemshauri mgeni jambo moja tu baada ya mwendo wa kuungua, lingekuwa hilo, pamoja na kuchagua baruti inayokaribia kulijaza ganda, kwa maana mtu akisahau na kuimimina mara mbili, humwagika mezani akaliona kosa lake.

Naomba masahihisho yatolewe mapema, kabla msimu wa Novemba haujafika, kwa kuwa wengi wetu huanza kujaza maganda mwezi Septemba.

Msomaji wenu,
Minnesota, Marekani