Kampuni za intaneti zituambie kama anwani ni yetu ama tunashirikiana

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wako niongee kuhusu kitu kinachosumbua vijana wengi wanaopenda kompyuta na hakuna mtu anawaelezea vizuri. Hapa Nakuru kuna wanafunzi wa chuo ninaowajua ambao walitaka kuweka rilei ya Tor nyumbani, ile ya kujitolea, hakuna mtu anakulipa, na wamehangaika nayo sana wakifuta programu na kuiweka tena, wakilaumiana nani ameandika nini kwa faili, kumbe shida haikuwa kwao hata kidogo. Ilikuwa kwa kampuni iliyowauzia faiba.

Kwa wale hawaijui, Tor ni mtandao unaopitisha mawasiliano yako kwa kompyuta tatu kabla yafike kwa tovuti unayotaka. Ya kwanza inajua wewe ni nani lakini haijui unaenda wapi, ya mwisho inaona unapoenda lakini haijui wewe ni nani, na ile ya katikati haijui lolote kati ya hayo mawili. Wazo lenyewe lilianzia kwa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990, programu ikaachiliwa kwa umma 2002, na tangu 2006 inasimamiwa na shirika lisilotafuta faida. Hizo kompyuta za kupitishia ndizo zinaitwa rilei, ziko maelfu, na zinaendeshwa na watu wa kawaida, vyuo na vikundi vya kujitolea. Sasa ukiangalia ziko wapi, utaona nyingi sana ziko Ujerumani, Marekani na Uholanzi, na Afrika nzima ni za kuhesabu. Hiyo si nzuri manake mtandao ukilala sana kwa nchi chache, yeyote mwenye uwezo wa kuchungulia nyaya za huko anaona sehemu kubwa ya yale yanayopita. Kwa hivo kijana wa hapa kwetu akitaka kuchangia spidi yake kidogo mimi nasema apewe moyo, na katiba yetu ya 2010 kifungu cha 31 inasema wazi kuwa mawasiliano ya mtu ni siri yake.

Haya, turudi kwa shida. Kuweka rilei si kazi ngumu vile watu wanafikiria. Unatoa programu kwa hifadhi ya Tor wenyewe, usichukue ile inakuja na Ubuntu (mfumo unaoendesha kompyuta) manake mara nyingi imepitwa na wakati, unafungua faili ya mipangilio inayoitwa torrc, unaandika jina la rilei, barua pepe ya kukupata, poti ya ORPort, yaani namba ya mlango ambao wengine wataingilia kufikia rilei yako (wengi huweka 9001 ama 443), na unaandika ExitRelay 0 ili isiwe ya kutokea, yaani ile ya mwisho inayofika kwa tovuti. Unaiwasha. Baada ya hapo rilei inajipima yenyewe kama inafikika kutoka nje, na ndani ya dakika 20 hivi logi, ile faili ya kumbukumbu za programu, inakuambia imefikika ama inakupa onyo kwamba imeshindwa kuhakikisha. Hao vijana walikuwa wanapata onyo kila mara. Wakafungua poti kwa fayawoli ya kompyuta (programu inayozuia wa nje wasiingie), wakaingia kwa rauta wakaelekeza poti kwa ile kompyuta, wakabadilisha 9001 wakaweka 443, bado onyo ni lile lile. Wakapigia kampuni simu, mtu wa huduma kwa wateja akawaambia wazime rauta wangoje kidogo wawashe tena.

Kile wangeambiwa siku ya kwanza ni hiki. Ingia kwa ukurasa wa rauta uangalie anwani ya IP, ile namba inayotambulisha muunganisho wako kwa intaneti, ya upande wa nje, ile inaandikwa WAN, halafu fungua tovuti yoyote ya kuonyesha anwani yako ulinganishe. Zikifanana, sawa, endelea na fayawoli na poti. Zikiwa tofauti, na hasa ile ya rauta ikianza na 100 kisha namba yoyote kati ya 64 na 127, ama ikianza na 10, basi jua kampuni imekuweka nyuma ya anwani moja mnayoshirikiana na wateja wengine wengi, na mtu wa nje akigonga hiyo anwani mitambo ya kampuni haijui ampeleke kwa nani kati yenu. Ni kama ploti yenye geti moja na hakuna namba kwa milango. Hapo hata uandike torrc vizuri namna gani rilei haitafikika, na kuelekeza poti kwa rauta yako hakusaidii kitu juu kizuizi hakiko kwa rauta yako.

Mimi najua kwa nini kampuni zinafanya hivo na sizilaumu kwa kushirikisha watu. Anwani za IPv4, zile za aina ya zamani, ni kama bilioni 4.3 tu duniani kote na zimeisha, hata AFRINIC kule Mauritius, ambao ndio wanagawa anwani za Afrika, waliingia awamu ya mwisho ya kugawa mabaki 2020. IPv6, aina mpya yenye anwani nyingi zaidi, iko lakini kwa rilei haitoshi peke yake, Tor bado inataka IPv4 pia. Ninacholaumu ni kutosema. Tangazo linakuambia spidi, linakuambia bei, linakuambia kuunganishwa ni bure, lakini hakuna mahali linakuambia kama hiyo anwani ni yako ama ni ya kushirikiana. Na hii si shida ya watu wa Tor peke yao, kuna mtu ameweka kamera za CCTV kwa duka na anataka kuziangalia akiwa safarini moja kwa moja bila kupitia seva ya mtu mwingine, kuna mwenye anataka kuweka seva ndogo ya biashara yake nyumbani, wote wanagonga ukuta ule ule na wote wanaambiwa wazime rauta wawashe.

Kuna vitu vingine viwili vinaangusha watu na nitavipitia haraka. Kwanza saa. Tor inataka saa ya kompyuta iwe sahihi, na wengi wanatumia Raspberry Pi juu ni bei nafuu na haili stima, lakini zile za kabla ya Pi 5 hazina saa ya ndani inayoendelea kutembea ikizimwa, kwa hivo stima ikipotea halafu irudi, saa inakuwa nyuma mpaka ichukue ya mtandaoni. Hakikisha NTP, ile njia ya kuchukua saa mtandaoni, inafanya kazi kabla ya kulaumu kitu kingine. Pili ni uvumilivu. Rilei mpya kwa siku tatu za kwanza karibu haipitishi kitu manake haijapimwa bado, halafu inapanda polepole kwa wiki kadhaa, kwa hivo ukiona kimya usifute, na ukilazimika kuhamisha mashine nakili ile folda ya funguo iliyo kwa /var/lib/tor/keys, la sivyo unaanza upya kama mgeni.

Lakini nataka pia niseme kwa wazazi na kwa hao vijana wenyewe kwamba hata ukipata anwani yako peke yako, fikiria mara mbili kabla ya kuweka rilei ya kawaida kwa intaneti ya nyumbani. Orodha ya rilei iko wazi kwa kila mtu, na kuna tovuti, zingine za benki, zinafungia anwani yoyote iliyo kwa hiyo orodha bila kujali kama ni ya kutokea ama la, sasa mama anashindwa kuingia kwa akaunti yake na hajui ni kwa nini. Na ya kutokea kabisa usiweke nyumbani, manake kila kitu kibaya mtu mwingine atafanya kitaonekana kimetoka kwako. Rilei ya kawaida kodi seva mahali wanakubali. Ukitaka kusaidia ukiwa nyumbani, hasa nyuma ya hizo anwani za kushirikiana, weka Snowflake. Ni kitu unaongeza tu kwa brauza ili watu waliofungiwa Tor wapitie kwako kuifikia, haihitaji poti kufunguliwa, na inafanya kazi nyuma ya rauta za aina nyingi. Tor ilipofungiwa Urusi Desemba 2021 na intaneti ilipobanwa Iran Septemba 2022, Snowflake ndiyo watu wengi walipitia. Jirani zetu Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021 wakati wa uchaguzi, kwa hivo haya mambo si ya mbali. Ni kweli intaneti yote ikizimwa hakuna rilei itasaidia, lakini ikifungwa tovuti moja moja inasaidia sana.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Mawasiliano ni moja. Kwa ile fomu mteja anatia sahihi kabla ya kuunganishwa, kampuni ilazimishwe kuandika kama anwani yake itakuwa ya umma ama ya kushirikiana, na kama ni ya kushirikiana, iandike ni shilingi ngapi kwa mwezi kupata ya umma. Na wale wanaopokea simu wafundishwe kujibu hilo swali, juu mteja akishapoteza mwezi mzima akitafuta kosa lisilo lake hakuna mtu atamrudishia hiyo pesa.

Msomaji wako,
Nakuru