Barua kwa Mwanangu: Kesi ya Uchawi Jukwaani

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu, na bibi yako ameulizia tena likizo inaanza lini. Rasimu ya tamthilia yako, ile ya bibi kizee anayetuhumiwa uchawi, nimeisoma mara mbili. Umeniandikia kwamba mlipoisoma kwa sauti wenzako walikuwa macho mpaka kesi ilipoanza, kisha mmoja mmoja wakaanza kuchezea simu. Unauliza imekuwaje, wakati kesi ya uchawi ina hofu, siri na kitanzi ndani yake. Nadhani umewanyima kitu ambacho Arthur Miller, mwandishi wa Marekani, aliwapa watazamaji wake mapema kabisa katika The Crucible, tamthilia yake kuhusu kesi za uchawi. Aliwaambia ukweli.

Kumbuka tendo la kwanza. Ni Salem, Massachusetts, mwaka 1692. Betty, binti wa mchungaji Parris, amelala kitandani hazinduki, na chini watu wamejaa wakinong'ona uchawi. Wewe ungetuacha tujiulize maonyesho matatu kama kweli mtoto amerogwa. Miller hataki. Tendo halijafika mbali tumeshajua kwamba wasichana walikuwa wakicheza msituni usiku, tumemwona Abigail Williams, mpwa wa mchungaji, akiwatisha wenzake wanyamaze, na tumemsikia yeye mwenyewe akimwambia John Proctor, mkulima mwenye mke aliyewahi kuzini naye, kwamba Betty alishtuka tu mchungaji alipowafumania. Basi. Swali la nani mchawi limekufa, na mahali pake pamezaliwa maswali makali zaidi: nani atasema, atasema lini, na akisema atasikilizwa? Kuanzia hapo mtazamaji ni shahidi asiyeweza kuitwa kizimbani. Anajua kila kitu na hana la kufanya. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo hashiki simu.

Sasa angalia anavyotuzoesha hali hiyo kwa jambo dogo sana. Tendo la pili linafunguka nyumbani kwa Proctor jioni. Anaingia peke yake, anaonja chungu kilicho motoni, hakimridhishi, anatia chumvi kidogo. Kisha mkewe Elizabeth anashuka, anampakulia, naye anakisifu chakula kwamba kimekolea vizuri. Elizabeth anafurahi, anasema alikitengeneza kwa uangalifu. Sisi tulimwona akitia chumvi! Hakuna aliyelia wala kupiga kelele, lakini tumeshaijua ndoa hii: wanapendana, wanaogopana, na mume anamdanganya mkewe kwa upole. Mwanangu, katika rasimu yako mke anatueleza kwa sentensi sita kwamba ndoa yao ina matatizo. Zifute zote sita. Mtafutie chungu chake.

Katika tendo hilohilo Hale, mchungaji aliyeitwa Salem kuchunguza uchawi, anamtaka Proctor azitaje amri kumi. Anazihesabu kwa vidole, anafika tisa, anakwama. Elizabeth ndiye anayemkumbusha iliyobaki, ile ya uzinzi. Mume amesahau amri aliyoivunja na Abigail, na anayeitamka ni mke aliyetendewa. Hale haelewi kilichopita mbele ya macho yake. Ukumbi mzima unaelewa.

Vitu hivi viwili ndivyo vinavyolibeba tendo la tatu, lile la mahakama, ambalo kwako limelala. Proctor amekiri uzinzi mbele ya hakimu Danforth ili kuonyesha kwamba Abigail amemtuhumu Elizabeth uchawi kwa kisasi. Amemwaga heshima yake sakafuni, na ameapa kwamba mkewe hajui kusema uongo. Danforth anaamuru Elizabeth aletwe, na kabla hajaingia anawaamuru Proctor na Abigail wageuze migongo ili asisome nyuso zao. Elizabeth anaulizwa kama mumewe ni mzinzi. Anatafuta macho ya mumewe, anaambiwa amtazame hakimu peke yake. Anajikongoja katika maneno. Mwishowe anajibu hapana. Uongo wa kwanza wa maisha yake, ameusema kwa mapenzi, na ndio unaomwangamiza mumewe. Akiwa anatolewa nje Proctor anampigia kelele kwamba yeye ameshakiri, na mlango unafungwa.

Hesabu maneno yaliyotumika hapo. Ni machache mno. Nguvu yote inatoka kwa kile ambacho kila mmoja chumbani anajua au hajui, na ni sisi peke yetu tunaojua yote. Katika kesi yako mashahidi wanne wanakuja mmoja baada ya mwingine kurudia jambo ambalo tulishaliona. Hakuna anayejua kitu ambacho mwenzake hakijui. Ndipo wenzako walipokupotea.

Jambo jingine ni sheria ya mchezo. Katika mahakama nyingi anayekiri ndiye anayeadhibiwa. Salem iligeuka: aliyekiri uchawi na kubaki na kukiri kwake aliachwa hai, aliyekana ndiye aliyekabiliwa na kitanzi. Watu 19 walinyongwa mwaka ule, akiwamo John Proctor. Miller anahakikisha tumeielewa sheria hiyo mapema, ili tendo la nne lisihitaji maelezo wakati Proctor anapopewa kalamu akiri uchawi ili asinyongwe. Anatia sahihi, kisha anakataa karatasi isibandikwe mlangoni, kwa sababu ni jina lake na hatapata jingine. Pia anakataa kuwataja wengine. Miller aliliandika hilo wakati Marekani ilikuwa ikiwaita watu mbele ya kamati ya Bunge wataje majina ya wakomunisti. Tamthilia ilianza kuonyeshwa New York Januari 1953. Mwaka 1956 yeye mwenyewe aliitwa na kamati hiyo, akakataa kutaja majina ya wenzake. Akatiwa hatiani mwaka uliofuata, na hukumu ikafutwa 1958. Ninapoisoma sahihi ya Proctor siwezi kuyaweka hayo kando, na sitaki.

Umeniuliza pia kama una ruhusa ya kubadili historia. Abigail wa kweli alikuwa na miaka 11 au 12, na Proctor alikuwa mzee wa miaka 60 hivi. Miller akampa binti miaka 17 na mwanamume thelathini na kitu, akawatungia mapenzi. Alihitaji mtu mwenye hatia ya siri ili kusema ukweli kumgharimu. Hilo namkubalia. Ila lina deni lake: mtoto aliyekuwa katikati ya hofu ya watu wazima amegeuzwa mwanamke mwenye wivu, na mimi hilo linaniuma kila mara. Ukibadili, ujue unambebesha nani.

Na lile onyesho la kupigwa kwa bibi kizee, liondoe jukwaani. Giles Corey, mzee mwingine wa Salem aliyeshtakiwa, alikandamizwa kwa mawe hadi kufa, lakini Miller hatuonyeshi. Elizabeth anamsimulia mumewe gerezani, kwa sauti ya chini, kwamba mzee aliwapa maneno mawili tu: ongezeni uzito. Watazamaji wa New York hawakuamini wachawi. Kati ya watazamaji wako wapo wanaoamini, na wengine wametoka kijiji ambako bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko ameuawa kwa tuhuma. Hawa hawahitaji kuonyeshwa fimbo. Wanahitaji kumwona jirani aliyejua kwamba bibi hana kosa, akakaa kimya kwenye kikao.

Huyo jirani unaye tayari, umempa mistari mitatu katika tendo la kwanza kisha ukamsahau. Mrudishe. Atuambie mapema anachokijua, kisha umkalishe mbele ya kikao tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimaliza onyesho hilo nitumie hata kabla hujasahihisha, na uniambie nauli ya likizo ni kiasi gani nikutumie mapema.

Mama yako