Ziara ya Jumamosi Familia Takatifu: saa imebadilika

Tumsifu Yesu Kristu, wapendwa.

Ziara yetu ya historia katika kanisa la Familia Takatifu, Nairobi, iko palepale Jumamosi hii, ila tutaanza mapema: saa mbili kamili asubuhi, si saa nne. Baadaye kuna harusi kanisani. Tukutane lango la City Hall Way.

Wengi wetu tumesali humo tangu utotoni bila kujua ni nani aliyelichora. Ni mama, Dorothy Hughes, msanifu majengo wa hapa Kenya. Ujenzi ulianza 1960, wakati wa Askofu Mkuu McCarthy wa Nairobi, ukakamilika 1963, mwaka uleule tuliopata uhuru. Mwaka 1982 kanisa likapewa hadhi ya basilika, cheo cha heshima ambacho Papa huyapa baadhi ya makanisa. Mimi naona habari ya Mama Hughes ndiyo watoto wetu wa kike wanaihitaji zaidi, kwa hiyo tafadhali waleteni.

Mambo ya kufanya:
1. Mchango ni shilingi 300 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi jioni. Ni wa chai, na nauli ya wazee watakaotusimulia Nairobi ya miaka hiyo.
2. Mwenye picha za zamani za ubatizo, kipaimara au ndoa zilizopigwa hapo azibebe. Tutazipiga picha na kumrudishia papo hapo.
3. Vijana wawili wajitolee kurekodi sauti za wazee.

Anayekuja aandike jina lake hapa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, na idadi ya watoto atakaokuja nao. Asiyeweza pia atujulishe.