Huyo mshamba mnayemcheka

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hili neno "mshamba", maana limenichosha. Wiki jana kwa kibanda cha chipsi hapa Kaptembwo nilisalimia watu wote kwa foleni kama nilivyolelewa, kijana mmoja tunayeishi naye ploti moja akasema "huyu bado ako na ushago" na wote wakacheka, hata mama wa chipsi. Nikanyamaza. Na kile kiazi alikuwa anatia chumvi kimetoka kwetu Molo!

Tangu Nakuru ipewe hati ya jiji Desemba 1, 2021, ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, tumepandisha mabega kweli. Jiji gani na mimi napanda ngazi na mtungi wa maji wa kununua mpaka orofa ya tatu.

Mzee wangu akichimba viazi, broka anakuja na gunia lake mwenyewe, lile la kupita kipimo tunaloita mkorino kwa vile limeongezewa kilemba juu, sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50 lakini pale shambani nani atapima, mizani hakuna, lori linanguruma, mvua ndiyo hiyo inakuja, mzee anakubali tu. Halafu unamsikia broka kwa simu, "hawa washamba nimewaweza". Viazi vikifika hapa tunauziwa kwa kadebe, vikubwa juu, vya chini usiulize.

Sisemi nyumbani ni mbinguni. Kwetu ukikaa mjini basi una pesa, kwisha. Kukiwa na mazishi naandikiwa elfu mbili kabla sijaulizwa na kakangu mwenye ng'ombe watatu wa maziwa anaandikiwa mia tano, nikiteta naambiwa nimepotelea mjini. Hiyo pia ni ujinga na nimewaambia.

Lakini ikifika tarehe 20 mshahara umeisha, anayepiga simu ni mama: "Nimeweka kagunia kwa matatu, enda steji, umpe makanga mia moja." Viazi, kabichi, na maziwa kwa chupa ya soda imezibwa na gunzi la mahindi. Ploti nzima inajua siku hiyo.

Jumamosi yule kijana wa chipsi alibisha na sufuria mkononi. "Habari ya jioni, mama yuko salama huko Molo?" Kumbe salamu anazijua. Nikampa.

Mkaazi wa Kaptembwo,
Nakuru