Barua kwa mdogo wangu aliye Buffalo: hiyo theluji imetoka ziwani

Mdogo wangu,

Theluji iliyokufungia mlango wiki iliyopita haikutoka Ncha ya Kaskazini. Kilichotoka huko ni baridi tu. Theluji yenyewe imetoka ziwani, hilo Ziwa Erie lililo hapo karibu na mji wenu huko Marekani. Nakuandikia hadharani kwa sababu hauko peke yako. Hapa Goma, mashariki ya Kongo, kuanzia Ndosho hadi Majengo, ni familia nyingi zenye mtoto Buffalo, au Portland, au Edmonton, na kwa kuwa nafundisha jiografia, wazazi wananisimamisha njiani na maswali yaleyale uliyoniuliza wewe.

Video yako tumeiangalia hadi simu ikazima. Mama aliomba irudishwe pale unapovuta mlango: theluji imesimama wima hadi kifuani pako, na usoni pake imechapwa sura ya mlango, mistari ya mbao na hata duara la kitasa. Kisha mwanao anachomeka kidole palepale penye alama ya kitasa, anacheka. Mama hakucheka. Aliuliza, "Sasa watatokea wapi?" Mimi nikaanza kumweleza mambo ya hewa na mvuke, akanikata: nijibu kwanza nilichokuuliza. Jibu ni kwamba hamtoki, mnangoja. Hilo nitalirudia, maana ndilo hasa linalonifanya niandike.

Lakini kwanza ziwa. Wewe umekulia kando ya Kivu, kwa hiyo ukisikia ziwa unafikiri kina kirefu. Kivu yetu inashuka karibu mita 480. Erie kwa wastani ina mita 19 tu, na pale inapozama kabisa ni 64. Kwa eneo, hata hivyo, inaizidi Kivu karibu mara 10, na imelala kama ubao mrefu kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki, karibu kilomita 390. Buffalo iko kwenye ncha ya mashariki, mwisho kabisa wa huo ubao. Angalia ramani ya simu yako utaona. Waliojenga mji pale walitaka bandari, na bandari waliipata, pamoja na haya.

Maji yasiyo na kina hupata joto haraka wakati wa kiangazi. Novemba ikifika, hewa ya juu ya nchi imeshapoa sana, lakini ziwa bado limebaki na joto lake la Agosti, au tuseme kiporo cha hilo joto. Hapo ndipo hewa kavu ya baridi kali inaposhuka kutoka Kanada na kupita juu ya maji. Ile ya chini inayogusa ziwa inapata joto na kunywa mvuke, inakuwa nyepesi, inapanda. Ikifika juu inakuta baridi, mvuke unaganda kuwa chembe za barafu, chembe zinashikana, zinashuka. Wataalamu wa hali ya hewa wana kipimo chao: joto la maji likizidi joto la hewa iliyoko kama mita 1,500 juu kwa nyuzi 13 au zaidi, jiandae. Mita 1,500, yaani karibu kimo cha Goma hii tunayokaa.

Upepo ukivuka ziwa kwa upana wake, unapata muda mfupi wa kunywa. Ukivuma kutoka kusini magharibi, unafuata ziwa kwa urefu wote huo, na kila kilomita unaongeza mzigo. Wa kwanza kuupokea ni ninyi. Kusini ya mji kuna vilima, vinaisukuma hewa juu zaidi, ndiyo maana huko hali huwa mbaya kuliko katikati ya mji.

Umeuliza mbona rafiki yako wa upande wa kaskazini alikuwa na jua siku hiyohiyo. Ni kweli, hakukudanganya. Wingu la ziwa huja kwa mkanda mwembamba, pengine kilomita 15 au 20, na mkanda huo ukisimama mahali unaweza kukaa hapo mchana na usiku. Novemba 2022 miji ya Hamburg na Orchard Park, hapo kusini yenu, ilipata theluji ya karibu mita 2, kumzidi baba kimo, wakati wengine mwendo mfupi tu wa gari walipata ya kufagia. Mechi ya timu yao ya mpira wa Kimarekani ilibidi ihamishiwe Detroit, maana uwanja wao uko Orchard Park.

Na ile radi uliyoisikia theluji ikianguka, ukasema labda ni mabomu (naelewa kwa nini wewe, mtoto wa Goma, ulifikiri hivyo), ilikuwa radi kweli. Hewa ikipanda kwa nguvu nyingi mno, chembe za barafu zinagongana na kuzalisha umeme, iwe juu kunateremka mvua au theluji. Huku kwetu kazi hiyo tunaijua. Milima ikipoa usiku, hewa yake nzito inateleza hadi juu ya Kivu yenye joto, inainua ile iliyoko ziwani, na wavuvi wa sambaza wanaona mianga kabla sisi hatujasikia kitu. Mwaka 2016 watafiti waliotumia satelaiti ya NASA walipopanga mahali penye radi nyingi duniani, Kabare hapo Kivu ya Kusini ilishika nafasi ya pili, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Kwa hiyo tofauti yetu na ninyi si ziwa wala mawingu. Tofauti ni kwamba kwetu ile barafu inayeyuka kabla haijafika chini, isipokuwa siku za mvua ya mawe. Hata Karisimbi ikiamka na kilele cheupe, saa tano jua limeshamaliza kila kitu.

Watu wa huko watakuambia kwamba ziwa likiganda mambo yanatulia. Ni kweli, kwa sababu barafu inafunika maji na mvuke unakosa pa kutokea. Lakini uliza wazee wa Buffalo habari za Januari 1977. Ziwa lilikuwa limeganda mapema, na juu ya barafu imelala theluji ya wiki nyingi, nyepesi, kavu. Tarehe 28 ukaja upepo, dhoruba zake zikifika karibu kilomita 110 kwa saa, ukaifagia theluji yote ya ziwa na kuimwaga mjini. Kutoka mawinguni hakikushuka kingi. Nyumba zilifunikwa na theluji iliyokuwa imeshaanguka zamani! Mwezi huohuo, tarehe 10, volkano yetu Nyiragongo ilipasuka ubavu na ziwa lake la moto likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Baba alikuwa akitusimulia ya mlima. Hakujua kwamba katika siku hizohizo, upande wa pili wa dunia, kulikuwa na mji unaozikwa na theluji.

Sasa nije kwenye Desemba 2022, na hapa usisome haraka.

Tarehe 23, siku mbili kabla ya Noeli, baridi iliingia asubuhi ghafla kama mtu aliyefungua mlango wa friji. Mvua ikageuka theluji, upepo ukapita kilomita 110 kwa saa. Marekani hawaiiti kila theluji nyingi dhoruba kamili: lazima upepo ufike kilomita 56 kwa saa, uone chini ya mita 400 mbele yako, na hali hiyo idumu masaa 3. Siku ile Buffalo ilidumu zaidi ya siku nzima, mchana na usiku na mchana tena. Uwanja wa ndege ulipima karibu mita 1.3 ya theluji kwa siku zile zote. Lakini kimo hicho siyo kilichoua. Novemba, mwezi mmoja kabla, kusini ya mji ilianguka nyingi kuliko hiyo na waliokufa walikuwa wachache. Desemba walikufa zaidi ya 40 katika wilaya ya Erie peke yake.

Waliuawa na upepo uliowanyima macho, na msaada uliokosa njia. Ambulansi zilikwama. Magari ya zima moto yalikwama. Magari ya kuondoa theluji nayo yalikwama, na mengine yakatumwa kuyakwamua hayo, yakakwama pia. Mtu alipiga simu, akajibiwa vizuri, na hakuna aliyefika. Wengine walikutwa ndani ya magari yao, wengine barabarani, hatua chache kutoka mlango wa mtu, wengine nyumbani mwao umeme ukiwa umekatika na nyumba imeganda. Wengine moyo ulisimama wakiwa wameshika chepe. Watu weusi walikuwa wengi kupita kadiri ya idadi yao katika wakazi, hasa wa upande wa mashariki ya mji, ambako maduka ya chakula ni machache na wasio na gari ni wengi. Mimi sioni kama hiyo ni kazi ya hali ya hewa.

Marufuku ya magari ilitangazwa asubuhi hiyohiyo, watu wengi wakiwa wameshatoka kwenda kazini. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi nikikufikiria. Katika ujumbe wako wa sauti ulisema msimamizi alipiga simu, kwamba anayekosa zamu atajua mwenyewe, na kwamba ungetoka kama mlango ungefunguka. Ulisema pia, kwa sauti ya chini ukidhani sitaisikia, kwamba ukikosa zamu mbili minervali, ile ada ya shule ya watoto wa dada, haitatoka.

Mdogo wangu, minervali itatafutwa. Mkuu wa shule nitaongea naye mimi, kungoja ameshazoea. Mama amesema tutakula sombe na bugali hadi utakapotulia, na unamjua, hasemi hivyo kwa uchungu. Usitoke nje kwa ajili yetu. Nimesoma habari nyingi za ile Desemba, na wengi waliotoka hawakuwa wajinga wala wakaidi. Kuna aliyekuwa akingojwa kazini, kuna aliyefuata chakula. Kila mmoja alikuwa na mtu aliyemfikiria, kama wewe unavyotufikiria.

Ukikamatwa njiani ndani ya gari la mwenzio, bakini ndani. Gari linaonekana na waokoaji, mtu anayetembea haonekani, na katika weupe ule mtu huzunguka akidhani anaenda mbele. Washeni injini kama dakika 10 kwa kila saa, si zaidi, lakini kabla ya kuwasha ashuke mmoja, asiache kushika gari, aondoe theluji kwenye bomba la moshi. Bomba likizibwa, moshi unarudi ndani na kuna hewa ndani yake isiyo na harufu, kaboni monoksidi. Wewe unaijua mazuku: mbuzi anashuka kwenye shimo karibu na ziwa, hapandi tena. Ile ni kaboni dioksidi, nzito, inalala chini, na mtu akikaa juu anapona. Hii ya gari haina chini wala juu. Inajaa popote, na anayeivuta anasikia usingizi tu. Fungueni kioo kidogo upande usio na upepo.

Kwa sababu hiyohiyo, umeme ukikatika usiwashe makala (mkaa) ndani ya nyumba. Najua umesema mama mmoja wa Uvira jirani yenu ana babula, jiko la makala. Huku kwetu tunaponea kwenye nyufa za mbao na nafasi chini ya bati. Nyumba za huko zimefungwa kila upenyo ili joto lisitoke, na hiyo hewa haitatoka pia. Mwambie na yeye, kwa adabu, maana ni mkubwa kwako. Kusanyeni watoto wote chumba kimoja, vaeni nguo juu ya nguo, zibeni chini ya mlango na blanketi.

Umeuliza itaisha lini. Siwezi kukupa tarehe. Ziwa likiganda Januari au Februari, theluji yake inapungua, lakini siku hizi miaka mingine haligandi vizuri. Majira ya baridi ya 2023 na 2024 barafu kwenye Maziwa Makuu ya kwenu ilikuwa chache kuliko kawaida kabisa. Watu walidhani joto likiongezeka theluji itakwisha. Kumbe ziwa lililobaki wazi linaendelea kulisha mawingu, ikiwa tu baridi ya Kanada inashuka. Hesabu hadi Machi, halafu uangalie.

Pesa za mwezi huu usitume. Nunua viatu, vile vizito vya kufika chini ya goti, wewe na watoto wote wawili, na usimnunulie mkubwa namba kubwa ili arithishe: kiatu kisichobana vizuri kinaingiza theluji. Weka unga, maharage, dawa za mtoto na betri za tochi za wiki nzima. Ukinipigia, kumbuka mmeachwa nyuma masaa 7. Ukipiga saa tatu usiku yako, huku ni saa kumi alfajiri na mama anaamka na hofu. Lakini ikianza tena kuanguka, piga saa yoyote.

Mkubwa wako,
Goma